Milango Niliyoiuza na Milango Niliyoitoa

Wiki iliyopita walikuja nyumbani kwangu Mkumbi vijana wanne, wasichana wawili na wavulana wawili. Wakaniamkia vizuri, wakakaa, wakaniambia wanataka kufungua biashara ya kununua na kuuza vifaa vya ujenzi vilivyotumika. Wakaniomba siri ya kazi. Niliongea mpaka chai ikapoa vikombeni. Walipoondoka nikagundua kwamba nusu ya niliyotaka kusema nimeyasahau, na nusu niliyosema haikuwa siri hata kidogo. Ndiyo maana nimechukua daftari. Ninyi wanne someni, na wengine mnaotafuta cha kufanya na mikono yenu someni pia.

Mimi ni Benigna. Mjini Mbinga wengi hawalijui jina hilo. Ulizeni Mama Milango, mtaonyeshwa palipokuwa na uwanja wangu, mahali nilipouza kwa miaka zaidi ya thelathini milango, fremu, mabati, mbao, vitanda, makabati, masinki, na kila kitu ambacho mmoja amekichoka na mwingine anakitamani. Sasa goti langu la kushoto limestaafu, nami nimelifuata.

Nianze na kuku.

Nilinunua kabati kwa mwalimu mmoja aliyekuwa anahamia nyumba mpya. Kabati zuri la mninga, milango miwili juu, droo tatu chini. Nililigonga, nikalinusa, nikalitikisa. Droo ya chini ilikuwa ngumu kufunguka, nikasema ni unyevu tu, nikaiacha. Tukalifunga kamba juu ya gari, likapigwa na mashimo ya barabara mpaka uwanjani. Kesho yake mteja akaja, akaivuta ile droo kwa nguvu, akakutana na kuku jike mwenye hasira. Kuku akamdonoa mkono, akarudi kuyakalia mayai yake tisa. Ubao wa nyuma wa kabati ulikuwa na tundu, alikuwa anapitia huko kwa raha zake, na safari yote ile hakuinuka. Mteja alicheka mpaka akakaa chini. "Nalichukua, mama," akasema, "lakini nitakuja kulibeba mwenye nyumba akishaangua." Tukasubiri. Nikamrudishia mwalimu kuku wake na vifaranga saba, naye akaapa kwamba alidhani ameliwa na kicheche.

Kwa hiyo fungueni kila droo. Nimeanza na hilo kwa sababu ndilo rahisi.

Mimi mwenyewe niliingia katika kazi hii kwa sababu ya mlango mmoja mkubwa mno. Mume wangu Meinrad, mtu wa kahawa, alikuwa amemaliza kupandisha kuta za nyumba yetu, akanituma mjini nikatafute mlango wa mbele. Njiani nikakuta mafundi wanabomoa jengo la zamani lililokuwa ofisi. Wameegemeza ukutani mlango wa mbao mbili za kufungukia katikati, umechongwa maua pembeni, mzito kama ng'ombe. Sikupima. Nilipenda. Niliuleta Mkumbi juu ya lori la mahindi, nimeukalia ili usianguke.

Meinrad aliutazama mlango, akalitazama tundu aliloacha ukutani, akanitazama mimi.

"Benigna, mlango huu ni wa nyumba gani?"

"Wa kwetu."

"Basi nyumba yetu haijajengwa bado."

Tukabomoa ukuta wa mbele. Ulipoenea mlango, ukuta ulikuwa umebaki kama masikio mawili, huku na huku. Majirani walikuwa wakimwelekeza mgeni wanasema, "Nenda mpaka pale penye mlango wenye chumba kimoja." Walicheka mwaka mzima. Lakini wale wale waliocheka ndio walioanza kuja mmoja mmoja jioni, wakijikohoza, wakiniita kwa jina la mwanangu. "Mama Osmund, ule mlango uliupata wapi? Kuna mwingine, mdogo kidogo?" Ndivyo nilivyoanza.

Aliyekuja kuufunga mlango ule alikuwa Mzee Otmar, seremala aliyekuwa na banda lake Mbinga. Alipomaliza kazi aliniambia, "Aliyekuuzia hakukuibia. Umejiibia mwenyewe kwa kutopima. Lakini jicho lako la mbao ni zuri. Ukitaka, njoo bandani nikufundishe." Nilikwenda, na sikuacha kwenda.

Mzee Otmar hakuwahi kunifokea. Ukikosea alikuwa anakuita, anakuuliza swali.

"Benigna, ubao huu unasema nini?"

Nagonga. "Hausemi kitu, Mzee."

"Hujausikia. Gonga tena."

Ubao mzima hulia kwa sauti kavu, inayokurudia mkononi. Ulioliwa na mchwa kwa ndani hulia kama boga bovu. Ukishagonga, chukua kisu uchome fremu chini kabisa, pale inapogusa sakafu, kwa sababu mchwa huanzia miguuni kama funza. Kisha nusa. Mbao iliyolowa miaka mingi ina harufu ya gunia la mahindi yaliyooza, na harufu hiyo haifunikwi na rangi hata ukipaka mara tatu.

Mabati msiyanunue yakiwa yamelala. Inueni moja moja, mlielekeze juani, msimame chini yake kama mnaokinga mvua. Mtaona nyota. Nyota zilizojipanga mstari ni matundu ya misumari, hizo zinazibika kwa lami na uvumilivu. Nyota zilizotawanyika ovyo ni kutu, na bati hilo liacheni liende kwenye banda la nguruwe. Mimi nilijifunza baada ya kununua rundo lililopangwa vizuri, matatu ya juu yaking'aa na yote ya chini yametoboka. Mzee Otmar aliyapitia moja moja kwa upole, akasema, "Hongera. Umenunua chekeche za kutosha kata nzima."

Na msumari usiung'oe kwa hasira. Weka kipande cha ubao chini ya kichwa cha nyundo, uuinue taratibu, utoke bila kuacha kidonda. Mteja anaona kidonda kabla hajaona mlango.

Hayo ni ya mbao na mabati. Ya watu ni magumu zaidi. Mwanamume mmoja wa Kingerikiti aliniuzia mlango wake wa mbele, akaniambia anaweka wa chuma. Nikaupakia, nikaondoka naye ameridhika, nami nimeridhika. Siku ya tatu akaja uwanjani mwanamke, kanga kaifunga kiunoni, vumbi la safari mpaka magotini.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, karibu."

Akapita kati ya milango yangu kama mtu anayemtafuta mwanawe kwenye mstari wa shule. Akasimama mbele ya mmoja. Upande wake wa ndani ulikuwa na vistari vya mkaa, kimoja juu ya kingine. Akavigusa kwa kidole. "Hapa ni Anna alipoanza kusimama. Hapa Anna mwaka jana. Huyu Festo." Akanigeukia. "Dada, naona umenisaidia kuubeba mlango wangu mpaka mjini. Nashukuru. Sasa nisaidie kuurudisha."

"Baba watoto ndiye aliyeniuzia, mama."

"Najua. Nilikwenda kumsaidia mama yangu kuvuna kahawa siku tano. Nimerudi nimekuta mbuzi amelala kitandani kwangu."

Nilijaribu kujizuia nikashindwa. Yeye naye akaanza kucheka, tukashikana mabega tunacheka, wateja wanatushangaa. Mlango ulirudi Kingerikiti siku hiyo hiyo kwa gari langu. Kwa mume sikuuliza kitu. Nilimwona kwa mbali amejificha nyuma ya jiko, nikaona adhabu yake ipo njiani, haihitaji msaada wangu. Tangu siku hiyo, kabla ya kununua mlango nilikuwa nauliza: nani analala nyuma yake, na yeye anasemaje?

Ninyi mtauza kwa simu. Nimeona. Mnapiga picha mnatuma kwenye kundi, mtu wa Songea ananunua kabla chai haijachemka. Ni jambo jema, sisi tulikuwa tunatuma salamu kwa kondakta wa basi, na salamu zikifika mlango umeshapata mtu mwingine. Lakini picha haina uzito wala harufu. Pigeni picha, sawa, kisha pandeni gari mkaugonge mlango kwa vidole vyenu wenyewe.

Sasa niwaambie habari ya kutoa, maana hapo ndipo nilipoaibika vizuri kuliko mahali pengine popote.

Jumapili moja, baada ya misa, ilisomwa barua kutoka kijiji kimoja cha ufukweni mwa ziwa, upande wa Mbaha. Wanakijiji walikuwa wamefyatua tofali, wamejenga kwa mikono yao chumba cha kujifungulia kwenye zahanati yao, wameezeka, wamekwama. Hakuna milango, hakuna vitanda. Wanaomba mwenye uwezo asaidie. Nilikuwa nimekaa benchi la mbele, nina kitambaa kipya kichwani. Nikasimama. "Mimi nitatoa," nikasema. Watu wakapiga makofi, nami nikajisikia nimerefuka.

Niliporudi uwanjani nikaanza kukusanya, na hapa niseme ukweli: sikukusanya vilivyohitajika, nilikusanya vilivyonichosha. Milango iliyokaa miaka mitatu bila mtu kuiuliza bei. Kitanda cha chuma chenye miguu mitatu. Sinki lenye ufa. Makochi mawili yasiyo na mito. Feni ya dari, na kijiji kile wakati huo hakikuwa na umeme. Lori likajaa. Nikavaa ile ile nguo ya Jumapili, tukateremka makona yote mpaka ziwani.

Walitupokea kwa kioda, ile ngoma ya akina mama wa ufukweni, wamevaa nyeupe, wanakanyaga mchanga kwa pamoja kama mtu mmoja. Mwenyekiti wa kijiji alitoa hotuba. Tukapikiwa mbasa wabichi, samaki wa ziwa lile, na ugali wa muhogo. Na wakati wote ule, pembeni, mwanamke mwembamba mwenye sare ya uuguzi alikuwa amesimama anatazama vitu vikishushwa. Alikuwa mkunga wa zahanati, Nesi Tasila. Hakupiga kigelegele hata kimoja.

Watu walipokwenda kunawa alinijia.

"Shikamoo, mama. Naomba tuongee kidogo."

Akanipeleka mpaka penye kile kitanda. Akakishika ukingoni, akakibonyeza kwa vidole viwili. Kikainama kama mzee anayefunga viatu.

"Mama, wewe ungejifungulia hapa?"

Nikajifanya nakinyoosha kitanda.

"Sikuulizi kwa ubaya," akasema. "Jana tulikuwa na shida moja, hatuna mlango. Leo hatuna mlango, na kwenye korido hatuna pa kupita."

Nikapandisha hasira. Nikamwambia nimetoka mbali, nimejaza mafuta kwa fedha yangu, nimetoa bure. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akanieleza taratibu. Wanawake wa pale walikuwa wanakwenda kujifungulia kituo cha mbali, kwa mtumbwi ziwa likitulia, kwa pikipiki likichafuka. Mwaka ule wawili walijifungulia njiani. Wote walipona. "Lakini bahati siyo dawa, mama, huwezi kuiagiza." Wakaguzi walikuwa wanakuja baada ya wiki tatu. Chumba kisichofungika hawatakiruhusu kufunguliwa, na wakiondoka hakuna ajuaye watarudi lini.

"Kuna mlango wowote hapa unaoenea?" akaniuliza.

Tulijaribu yote. Mmoja ulikuwa mfupi, mchana unaingia chini yake. Mwingine ulikuwa mrefu. Mlango wa chumba cha uzazi ulitakiwa uwe mpana ili machela ipite, na mimi, Mama Milango, mwanamke niliyewahi kununua mlango mkubwa mno nikaupeleka Mkumbi, sikuwa nimeuliza hata upana.

Hasira ikaniishia hapo hapo, kama moto uliomwagiwa maji. Nilirudi kula. Mwenyekiti akanishukuru tena kwa maneno marefu, na wazee wakanishukuru, na kila shukrani ilikuwa inanichoma kama mwiba wa mbasa. Kabla ya kuondoka nilimwomba Nesi Tasila kamba. Tukapima pamoja. Fundo moja kwa upana wa mlango wa uzazi, fundo la pili kwa urefu wake, kamba nyingine kwa madirisha, nyingine kwa nafasi ya vitanda. Kisha nikaamuru vitu vyote virudishwe garini. Watu wa kijiji walidhani nimekasirika. Nesi Tasila akawaambia, "Mwacheni. Anakwenda kuleta."

Nilimkuta Mzee Otmar bandani, nikamweleza kila kitu, hata feni. Alikuwa ameshazeeka, macho yamepungua, lakini swali lake lilikuwa lile lile, la polepole.

"Benigna, ulimpa yule binti zawadi, au ulimpa mzigo wako akubebee?"

"Mzigo, Mzee."

"Na bado ulitaka akushukuru. Haya. Lete hiyo kamba tuone."

Vitanda viwili tulivipata mapema, vya chuma, miguu yote minne. Tukavichomelea palipolegea, tukavipiga msasa, tukavipaka rangi nyeupe. Madirisha tuliyapata. Mlango mpana ndio uliotushinda. Wiki ya kwanza ikaisha, ya pili ikaanza. Nilizunguka Mbinga yote na kamba yangu shingoni kama mtu aliyepotelewa na mbuzi. Wenye milango mipana hawakuwa wanabomoa, na waliokuwa wanabomoa walikuwa na milango ya kuku.

Ndipo nikasikia habari za Bibi Kandida. Alikuwa mjane, umri umekwenda sana, na wanawe walikuwa wanabomoa duka la marehemu mumewe ili wajenge jipya. Mlango wa duka lile ulikuwa wa mninga mtupu, ubao mmoja mpana. Wafanyabiashara wenzangu watatu walishaufuata, wote wakarudi mikono mitupu.

Nilimkuta amekaa nje kwenye kiti, mlango umeegemezwa nyuma yake kama askari wake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye Mama Milango."

"Ndiye mimi."

"Siuzi."

"Sijasema nimekuja kununua, mama."

"Umeutazama mlango wangu kabla hujaniamkia. Na hiyo kamba shingoni ni ya nini?"

Nikaona hapa ujanja hauna kazi. Nikakaa chini kwenye tofali, nikamsimulia. Barua ya kanisani, makofi, kitanda cha miguu mitatu, vidole viwili vya Nesi Tasila. Nilipofika kwenye feni akaanza kucheka mpaka akashika kifua.

"Ulimpelekea mama mjamzito kitanda cha miguu mitatu?"

"Ndiyo, mama."

"Na wewe umezaa wangapi?"

"Watano."

"Watano! Na hukukumbuka?"

Akanyoosha mkono akaupapasa ubao. "Mlango huu nimeufungua kila asubuhi tangu nilipoolewa," akasema. "Wale waliokuja juzi, mmoja aliniambia anautaka kwa baa. Nikasema hapana, huu haujazoea matusi. Wewe upime."

Nikapima. Upana ulikuwa sawasawa na fundo. Urefu ulizidi kwa vidole vitatu, na vidole vitatu ni kazi ya msumeno wa dakika tano.

"Uchukue," akasema. "Sitaki fedha. Nataka niuone unapowekwa."

"Ni mbali, mama. Ni ziwani, na barabara ina makona."

"Ziwani ndiyo vizuri. Sijawahi kuliona."

Nilidhani sikusikia. Mwanamke aliyezaliwa Mbinga, akazeekea Mbinga. "Nimeuza dagaa wa ziwa lile maisha yangu yote," akasema, "nimewapima kwa kikombe, nimewapepeta, nimewakaanga. Maji yao sijayaona. Kila mwaka nilisema mwakani."

Wanawe walipinga. Akawaambia, "Mlango unakwenda, na mimi nakwenda na mlango wangu. Mkiwa na la kusema, kauambieni mlango." Wakaupakia garini.

Tukaondoka asubuhi, Bibi Kandida mbele na dereva, mimi na Mzee Otmar nyuma na mizigo. Kwenye kona moja, pale miti inapoachana na ziwa linatokeza lote mara moja, akagonga dirisha kwa nguvu. Dereva akasimama akidhani amezidiwa. Tukamshusha. Akasimama pembeni ya barabara ameshika mkono wangu, upepo unampepea kitenge, anatazama tu.

"Mbona halina mwisho?" akauliza.

"Lina mwisho, mama. Kule ng'ambo ni Malawi."

Akatazama tena. "Mungu wangu," akasema. "Na dagaa walivyo wadogo."

Mzee Otmar alicheka mpaka akaegemea tairi.

Ngojeni niwape kwanza ninayoyajua ya kutoa, kabla furaha ya siku ile haijanipeleka nikasahau. Uliza kwanza, mwenye shida ndiye anayejua shida yake. Pima wewe mwenyewe. Kitengeneze kitu hapa kwako, usimpelekee mtu kazi ya kutengeneza. Peleka na fundi, peleka na bawaba, kitasa na skrubu, kwa sababu mlango usio na bawaba ni ubao tu. Na kile ambacho usingekiweka nyumbani kwako, usikipambe kwa neno msaada. Wakaguzi nao walikuja wiki iliyofuata, wakafungua, wakafunga, wakakubali. Hilo nalisema sasa hivi msije mkahangaika. Tangu hapo nimetoa milango mingi, shuleni na kwa wajane, na hakuna uliorudi.

Lakini siku yenyewe ilikuwa hivi.

Tulifika saa nne. Nesi Tasila alitoka, akautazama mlango, akatazama vile vitanda, akahesabu miguu yake kwa sauti, "moja, mbili, tatu, nne," kisha akanikumbatia. Tukaingiza vitanda. Mzee Otmar akachonga fremu kwa patasi, tukauinua mlango, akafunga bawaba ya juu, akafunga ya katikati. Akatia skrubu zilizobaki mdomoni, kama mafundi wafanyavyo, akainama aanze ya chini.

Hapo wakatokea wanawake wawili wanakuja kwa haraka, wamemshika wa tatu katikati. Huyo wa tatu alikuwa anatembea hatua mbili anasimama, hatua mbili anasimama. Nesi Tasila alimwangalia mara moja tu.

"Tokeni nje," akatuambia.

"Nesi, bawaba ya chini bado," nikasema. "Na kitasa hatujaweka."

"Mama, mtoto hasubiri kitasa."

Akawaingiza, akatusukuma, akafunga. Mlango ukaning'inia kwa bawaba mbili, ukaanza kufunguka wenyewe. Mzee Otmar akageuka haraka akauegemea kwa mgongo. Nami nikauegemea pembeni yake. Tukakaa hivyo, watu wazima wawili, tumekanyaga mchanga maana baraza ilikuwa haijawekwa saruji, jua linatupiga usoni. Bibi Kandida akavuta kopo la rangi, akakaa mbele yetu, akatoa rozari.

Muda ukaenda. Ndani tulisikia sauti ya Nesi, ya chini, isiyo na haraka. Mzee Otmar alikuwa bado ana skrubu mdomoni. Hakuweza kuzitoa, mikono yake yote miwili imeshika fremu. Nikimsemesha ananguruma tu.

Akaja kijana mmoja anakimbia kutoka ufukweni, suruali imelowa mpaka mapajani.

"Shikamooni. Mke wangu yumo humu?"

"Marahaba, yumo," nikasema.

"Naomba nipite."

Mzee Otmar akatikisa kichwa, akanguruma.

"Anasemaje?"

"Anasema kaa chini, mwanangu," akajibu Bibi Kandida. "Mlango haujakamilika."

Kijana akatutazama sisi watatu, mmoja baada ya mwingine. Hakukaa. Alikuja akaweka bega lake kwenye mlango, akaegemea pamoja nasi.

Kisha mtoto akalia.

Alilia kwa nguvu, kwa hasira, kama aliyeamshwa bila kuombwa ruhusa. Mzee Otmar akafungua kinywa akacheka, kicheko ambacho sikuwahi kukisikia kwake miaka yote ile, na skrubu zote zikaruka, zikatawanyika mchangani. Ndani wanawake wakapiga vigelegele. Kijana akateleza kwenye mlango akakaa chini, ameshika kichwa, analia na kucheka. Mlango ukaanza kufunguka, nikaurudisha kwa nyonga, nikapiga magoti huku nimeuzuia kwa mguu, nikaanza kutafuta skrubu. Mzee Otmar akapiga magoti. Bibi Kandida akaivaa rozari shingoni, naye akapiga magoti, anapepeta mchanga kwa vidole kama anavyopepeta dagaa, na sote tunacheka hatuwezi kunyamaza.

Ghafla Bibi Kandida akainua kichwa.

"Jamani," akasema, "mtoto gani?"

Tukatazamana. Hakuna aliyekuwa ameuliza.

Mlango ukafunguka kidogo, Nesi Tasila akachungulia, jasho usoni. Akamwona kijana, akatuona sisi watatu tumepiga magoti mchangani.

"Wa kike," akasema. "Na mama yake anataka kulala. Punguzeni makelele."

Akamvuta kijana ndani, akafunga. Nasi tukaendelea kutafuta skrubu, tumeziba midomo kwa mikono.